Maswali ya Wasomaji: Kinachoogopwa ni Hadhira

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu ya toleo hili zinahusu jukwaa la maigizo, maisha ya jiji la Nairobi, historia na siasa za sasa. Tumezikabidhi kwa msanii ambaye ameigiza na kuelekeza michezo jijini humo kwa miaka mingi. Majina ya wasomaji tumeyahifadhi, tukabakiza mahali wanakotoka.

Swali: Mimi hununua tiketi ili nicheke pamoja na familia yangu baada ya juma refu la kazi. Lakini karibu kila mchezo ninaoutazama Nairobi una mbunge fisadi au chifu mlafi ndani yake. Je, ninyi wasanii hamwezi kutuburudisha bila kutuletea siasa? (Msomaji, Thika)

Ndugu yangu, haki ya kucheka ni yako, na mimi nimeitumikia kwa muda mrefu kiasi kwamba sitathubutu kuipunguza. Hata hivyo, hebu tuangalie pamoja ombi lako likifika mezani kwa mtunzi. Ukiniomba nitunge kichekesho kuhusu mume na mke wapya wanaoishi ghorofa ya 6 katika mtaa wa Pipeline, Nairobi, nitalazimika kumpandisha mmoja wao ngazi akiwa na mtungi wa maji wa lita 20, kwa sababu mfereji umekauka. Nitalazimika pia kumleta mwenye nyumba, jirani ambaye chumba chake kimebanana na chao hivi kwamba anasikia kila neno, na mchuuzi anayefukuzwa na askari wa kaunti pale chini barabarani. Hapo sijamtaja mbunge yeyote, lakini mtazamaji anayeishi Pipeline ameshajiuliza ni kwa nini maji hayafiki. Siasa sikuileta mimi ukumbini. Ilikuwa imeingia pamoja na wahusika.

Nakubaliana nawe kabisa, hata hivyo, kuhusu huyo mbunge mwenye tumbo la mto na bahasha mkononi. Amechoka, nasi tumemchosha. Fisadi wa namna hiyo humwacha mtazamaji akitoka ukumbini akiwa msafi, kwa kuwa hakuna anayejiona ndani yake, hata yule aliyepokea shilingi mia mbili kwenye mkutano wa kampeni juma lililopita. Mtunzi anayejua kazi yake humfanya fisadi awe mtu anayependeza, mtu ambaye hadhira ingemkaribisha chai, kisha ikashtuka kwamba imekuwa ikimpigia makofi.

Wala kicheko na siasa si maadui. Marehemu Wahome Mutahi, mwandishi wa vichekesho aliyefungwa mwaka 1986 wakati wa msako dhidi ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, alirudi uraiani, na katika miaka ya 1990 akawa anaonyesha michezo ya Kikuyu ya kukejeli utawala ndani ya mabaa, mbele ya watu waliokuwa na chupa na nyama choma mezani. Watu walicheka hadi machozi yakawatoka, na kila mmoja alijua anayechekwa ni nani.

Swali: Shuleni tulisoma tamthilia ya Kinjeketile, na mwalimu akatuambia kwamba si kila kilichomo kilitokea. Je, mtunzi wa jukwaa ana ruhusa ya kuibadilisha historia? Na ninyi Wakenya mmeishughulikia vipi historia yenu ya Mau Mau jukwaani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada yangu, Ebrahim Hussein alipoichapisha tamthilia hiyo mwaka 1969 alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, ingawa amejengwa juu ya mtu aliyeishi Ngarambe na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mimi hushika kanuni moja. Mtunzi anaweza kubuni yale ambayo kumbukumbu za watawala hazikuyaandika, kwa mfano shaka iliyomkaa shujaa usiku, maneno aliyoambiwa na mkewe, au ugomvi wa wazee kabla ya kukubaliana. Hana ruhusa ya kubadilisha ni nani aliyempiga risasi nani. Uongo wa aina hiyo umeshafanywa na wenye ofisi na mihuri, na jukwaa halipaswi kuwasaidia.

Kwa upande wetu, jukwaa lilitangulia kufanya kazi ambayo serikali ilichelewa sana kuifanya. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti, na familia yake haikuonyeshwa kaburi. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria zetu hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, na sanamu yake katika barabara ya Kimathi ilizinduliwa mwaka 2007. Lakini tayari mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walikuwa wamempandisha Kimathi jukwaani, akiwa mshtakiwa anayekataa kuitambua mahakama inayomhukumu, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo.

Ukumbi wenyewe unastahili maelezo, kwa maana wasomaji wengi wa nje ya Nairobi huusikia tu. Ulifunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, na kwa miaka mingi ulikuwa mahali pa Wazungu wa jiji kujiburudisha. Hata baada ya uhuru, ratiba yake iliendelea kutawaliwa na michezo ya kigeni. Mchezo wa Kimathi ulitengewa siku nne tu, ingawa ulikuwa umechaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mwaka 1977. Siku hizo nne zilitosha. Watazamaji walijiunga na waigizaji katika wimbo wa mwisho, wakatoka nao nje wakiimba na kucheza hadi barabarani.

Barabara hiyo leo inaitwa Harry Thuku. Ninapofanya mazoezi na waigizaji vijana katika ukumbi huo huwatoa nje kwanza, nikawaambia watazame. Mbele yao ni hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904. Hatua chache kutoka hapo ni Kituo Kikuu cha Polisi, na nyuma ya yote ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika mahali hapo kudai Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa kwa kupinga sera za kikoloni, aachiliwe. Wazee waliokwenda kuzungumza na serikali waliporudi na kuwaomba watu watawanyike, mwanamke aitwaye Mũthoni Nyanjirũ aliinua nguo yake mbele ya wanaume, akawaambia waichukue wavae wao, naye wampe suruali zao, kwa kuwa wameogopa. Umati ulisonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli wakafyatua pia. Serikali ya kikoloni ilihesabu waliouawa 21. Wengine waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi. Mũthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Nawaambia vijana wangu kwamba kitendo kile cha Mũthoni kinatufundisha kazi yetu kuliko kitabu chochote cha uigizaji. Hakuhitaji hotuba. Alichukua ishara ambayo kila mtu katika umati ule alikuwa ameirithi kwa wazee wake, akaitumia kwa wakati wake, mbele ya watu wake. Miaka 70 baadaye, tarehe 3 Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamegoma kula pale Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao, walishambuliwa na polisi kwa marungu na vitoa machozi, na baadhi yao wakavua nguo. Askari vijana walielewa mara moja kwamba wanalaaniwa na mama zao. Hakuna aliyewafasiria.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha 3 na mwanachama wa klabu ya drama. Tangu mambo yaliyotokea Nakuru mwezi wa Aprili 2025, walimu wetu huchagua michezo isiyogusa jambo lolote. Wengine wanasema wasichana wale wa Butere walitumiwa na wanasiasa. Wewe una maoni gani? (Msomaji, Kakamega)

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wewe ndiye utakayebaki na jukwaa hili sisi tukishaondoka.

Kwa faida ya wasomaji wa nchi nyingine, nieleze kwanza kilichotokea. Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa Seneta wa Kakamega, unaohusu vijana wanaokabiliana na mtawala wao katika nchi ya kubuni. Ulipozuiwa kwenda tamasha la kitaifa la drama za shule huko Nakuru, Mahakama Kuu iliamuru uruhusiwe. Mwandishi alikamatwa usiku alipokuwa akienda kukutana na wanafunzi. Tarehe 10 Aprili wasichana waliletwa ukumbini bila mwelekezaji wao, bila vifaa vyao na bila watazamaji, huku polisi wakirusha vitoa machozi kuwafukuza wananchi na wanahabari waliokuwa nje. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani na kuondoka. Mwaka 2013 shule hiyohiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwa mchezo mwingine wa mwandishi huyohuyo, na mara hiyo pia mahakama ikauruhusu.

Kusema kwamba Malala ni mwanasiasa ni kusema kweli, na si vibaya mzazi akiuliza anatafuta nini katika shule ya bintiye. Lakini swali hilo lina njia ya kulijibu, nayo ni mazoezi. Je, wanafunzi waliruhusiwa kubadilisha mistari? Je, kulikuwa na siku msichana mmoja aliposema, “Mimi na wenzangu hatuzungumzi hivi,” na mstari ukafutwa? Mchezo ambao mwigizaji ameugombania kwenye mazoezi huwa ni wake, hata ukiwa umeandikwa na mtu mwenye cheo. Usiogombaniwa hubaki kuwa hotuba ya mtu mzima iliyotiwa katika kinywa cha mtoto, hata ukitungwa na mwalimu mwema kabisa kuhusu usafi wa mazingira. Nasikitika kwamba wengi waliokuwa tayari kuwasemea wasichana wale, kwa upande huu na ule, hawakujali kuwasikiliza. Ninachoweza kukihukumu ni kile walichofanya mbele ya macho ya nchi nzima, nacho ni kwamba walikataa kuigizia viti vitupu. Uamuzi huo hakuwaandikia mtu.

Sasa jiulize ni kwa nini viti viliachwa vitupu. Kama tatizo lingekuwa maneno, ingetosha kuyafuta maneno. Maneno yenyewe hayakuzuilika, kwa kuwa mchezo ulikuwa umeshaonyeshwa katika mashindano ya chini na kusimuliwa kote nchini. Kilichozuiwa ni watu kukaa pamoja na kuyasikia.

Tumewahi kuliona jambo hili. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa kijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu wote. Mzee alimsahihisha kijana jinsi mzee anavyoketi, mfanyakazi wa kiwandani alieleza mshahara wake unavyokatwa, na maandishi yakabadilika. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya akafuta kibali, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Zingatia hili: mwaka 1980 mchezo huohuo ulichapishwa kuwa kitabu, ukauzwa madukani bila kupigwa marufuku. Anayeusoma peke yake chumbani hakumtisha mtu. Mwaka 1982, kikundi kilipojaribu kuonyesha mchezo mwingine, Ukumbi wa Kitaifa ulifungwa mbele yao, mazoezi waliyohamishia Chuo Kikuu yakakatazwa, na hatimaye polisi wakalibomoa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ.

Kwa hiyo ninaposema kwamba wenye mamlaka huogopa hadhira kuliko mtunzi, sisemi kwa kubuni. Hofu hiyo iliongezeka baada ya tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na kuingia Bungeni. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Mchezo wa wasichana wale ulikuja miezi michache tu baada ya maziko hayo. Nchi iliyozika watoto wake kiasi hicho ingepaswa kuwapa vijana majukwaa mengi zaidi ya kuzungumzia msiba wao. Badala yake, tamasha la shule lililoanza mwaka 1959, ambalo limetulea wengi wetu, likawekewa ulinzi wa polisi.

Kuhusu walimu wako, usiwadharau. Wana kazi za kupoteza na watoto wa kulisha, na mtu mzima hapaswi kumweka mwanafunzi mbele ya gesi ili yeye apate sifa. Ninachokushauri ni kwamba usianze na mchezo kuhusu Rais. Anza na jambo ambalo klabu yenu inalijua kuliko mtu yeyote, labda karo, labda mabweni, labda kaka aliyemaliza chuo na amekaa nyumbani miaka 3, kisha mlifuatilie kwenye mazoezi hadi mjue nani anafaidika. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake. Kisomeni pamoja na mwalimu wenu, ili naye ajue kwamba anapowatetea anasimama juu ya sheria.

Swali: Sisi tulio mbali tunasikia tu sifa za michezo yenu. Kwa nini msiirekodi yote na kuiweka kwenye intaneti, ili itufikie na wala isiweze kufungiwa? (Msomaji, Muscat, Oman)

Ndugu yangu, tunarekodi, na tutaendelea kurekodi, kwa kuwa kumbukumbu ya michezo yetu imepotea kwa wingi wa kutisha. Lakini naomba usiihesabu rekodi kuwa ni mchezo wenyewe. Simu inakupa sura zetu na sauti zetu. Haiwezi kukupa jirani asiyekujua, aliyeketi kando yako, aliyecheka mahali ambapo wewe uliona aibu, ukageuka kumtazama. Kazi yetu nusu nzima imo katika kugeuka huko. Hapo Muscat mna wazee wanaozungumza Kiswahili na wanaokumbuka Unguja na Mombasa za zamani. Waketisheni siku moja, vijana wawahoji mbele ya watu, kisha waigize walichokisikia wazee wakiwa papo hapo kuwasahihisha. Huo utakuwa mchezo ambao sisi wa Nairobi tungetaka mturekodie.

Swali: Nakaa Kayole. Kufika katikati ya jiji jioni kuna foleni, kurudi kuna nauli iliyopandishwa na hofu ya kutembea usiku. Ukijumlisha kiingilio kwa watu wawili, ni chakula cha siku kadhaa. Je, maigizo si ya matajiri tu? (Msomaji, Nairobi)

Hesabu yako ni sahihi. Mvua ikinyesha nauli ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, hupanda kabla hujafika kituoni, na mchezo unaoanza saa 12 na nusu jioni humwachia mkazi wa Kayole chaguo mbili tu: kuondoka kabla ya mwisho, au kukosa matatu yenye bei ya kawaida. Mwaka 1922 watu walizuiwa kukusanyika kwa bunduki. Siku hizi mtu huzuiwa kwa nauli, kwa taa za barabarani zisizowaka na kwa kazi inayomwachilia akiwa amechoka kupita kiasi, na matokeo yake kwa jukwaa hayatofautiani sana. Ndiyo maana ukumbi wa mjini hujaa nyuso zilezile, hasa za wenye magari, na za wanafunzi walioletwa na basi la shule kutazama vitabu vya kutahiniwa. Wanafunzi hao ndio wanaovilisha vikundi vingi vya jiji, na nawashukuru, ingawa kikundi kinachoigiza vitabu vya mtihani mwaka mzima hukosa nafasi ya kutunga cha kwake.

Eastlands, hata hivyo, haikuanza jana. Ukumbi wa jamii wa Kaloleni ulikuwa mahali wapigania uhuru walipokutana na wafanyakazi wa reli na wa manispaa. Kuna kumbi nyingine za kaunti huko Pumwani, Makadara na Kariobangi, ambazo leo hutumika kwa ibada, mazoezi ya ngumi na michango ya matanga. Siwezi kuwalaumu mabondia wala waliofiwa, kwa kuwa wamezitunza zisinyakuliwe. Lakini Jumamosi au Jumapili mchana, kuanzia saa 8 hadi saa 10 na nusu, nyingi zinaweza kupatikana ikiwa wakazi wenyewe watakwenda kumwona msimamizi. Nimejifunza kwamba kikundi cha wasanii kikienda peke yake huambiwa kilete barua juu ya barua, ilhali akina mama wa chama cha kuweka akiba pamoja na vijana wa mtaa wakienda, milango hufunguka upesi.

Muda huo unawafaa wenye watoto, na unamrudisha kila mtu nyumbani kwa miguu jua likiwa bado lipo. Kiingilio kiwe kile ambacho mtaa utakubaliana, na wazee waingie bure, maana tunahitaji masahihisho yao. Zungumza na majirani zako, mchague jambo moja la mtaa ambalo mngependa lizungumzwe mbele ya watu, kisha mtuandikie kupitia gazeti hili mkitaja ukumbi na tarehe. Sisi tutakuja majuma mawili kabla ili mazoezi yafanyike hapohapo, milango ikiwa wazi, na taa na maleba tutabeba wenyewe.